Injini Iliyozimika Kila Ikipata Moto

Mwanangu Dama,

Salamu za kuulizana hali naziruka, maana hali yako naijua. Asubuhi nimekumiminia chai mwenyewe, umeinywa umesimama, ukatoka kwenda Kaloleni kumuaga bibi yako mzaa baba. Utakaporudi jioni utakuta sanduku lako nimelifunga na barua hii iko juu yake. Isome ukiwa peke yako. Usinijie nayo jikoni, kwa sababu nikianza kuyasema haya kwa mdomo nitapiga kelele, na hapa Muyeye tumepangana ukuta kwa ukuta, kikohozi cha mtu chajulikana ni cha nani.

Mambo ya kufua, kula na kulala mapema sitakuandikia. Umelelewa, unayajua. Nataka nikueleze kwa nini tangu Jumatano sijakuangalia usoni.

Siku hiyo nilikwenda ofisi ya basi kuchukua mzigo wangu wa vitambaa. Mama Furaha, yule anayekata tikiti pale, akanishika mikono yote miwili. "Hongera, Mama Dama! Mtoto ameshakata tikiti ya Mombasa. Aniambia aenda kufanya kazi gereji kwa mjombake." Nikamjibu, "Ahsante, Mungu ni mwema," kama mtu aliyekuwa na habari siku zote. Kumbe mimi nilikuwa nakushonea sare ya chuo cha Kilifi, na ya pili ilikuwa bado mashineni haijatiwa vifungo.

Nilipofika nyumbani nikakuuliza, nawe hukukana. Ulikaa kwenye kigoda ukaniambia, "Mama, nilijua ungekataa."

"Ungeniuliza kwanza, ndipo ujue."

"Mjomba alisema tusikwambie mpaka mambo yakae sawa."

Ukaona nimenyamaza, ukadhani ni uchungu wa chuo. Chuo kingeniuma siku mbili kikapita. Kilichonifunga mdomo ni hilo neno "tusikwambie". Mjomba wako Kahindi alishawahi kunifanyia hivyo, nawe ulikuwa mchanga mno kuyajua, na mimi kwa miaka yote hii nimekuficha. Sasa unakwenda kuishi chini ya paa lake. Huwezi kwenda bila kujua.

Wewe wamjua Kahindi mjomba wa Krismasi, anayeingia na mifuko miwili na kicheko kinachosikika toka barabarani. Mimi namjua tangu alipokuwa akilala mgongoni kwangu. Mama yetu alifariki yeye hajaanza shule. Mimi ndimi niliyemfunza kufunga kamba za viatu, na nilipoolewa Malindi nilikuja naye kama sehemu ya mizigo yangu. Baba yako alipotutoka, nawe uko tumboni, Kahindi alihamisha godoro lake akalala mlangoni pangu ili nisiogope usiku. Nakueleza hilo mbele kwa sababu ni kweli, na sitaki hasira inile hadi niisahau.

Wakati huo nilikuwa nikimfulia na kumpigia pasi mzee mmoja Mwitaliano, Mzee Sandro. Lile gari dogo la rimoti ulilojifunzia kushika bisibisi lilikuwa lake. Wengine wana ya betri. Yeye alilipenda la injini hasa, yenye pistoni na kabureta, inayokunywa mafuta ya nitro yenye harufu tamu ya kuwasha pua. Jumapili alitupakia mimi na Kahindi hadi uwanja wa udongo wa murram kule Matsangoni. Yeye aliliendesha, sisi tukakimbilia kulinyanyua likipinduka. Baadaye akaniachia rimoti, akaona mkono wangu ni mwepesi. Kisha akaniachia injini, nikaona raha ambayo sijawahi kuipata kwenye pasi wala cherehani. Nilikuwa nimefiwa, mwanangu, na kile kidude kilinipa kitu cha kusikiliza.

Macho yake yalipoharibika, wanawe walimchukua kwao. Alituachia gari na boksi la vipuri. "Ni lenu nyote wawili," alisema. "Msigombane." Tukacheka, mimi na Kahindi. Tugombane sisi?

Katika boksi mlikuwa na pistoni mpya na silinda yake. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, hivyo nikaitoa. Ilikuwa imeng'ang'ana, nikaichokoa kwa bisibisi, bisibisi ikateleza ikakata kovu kwenye ukingo wa silinda. Haikunisikitisha, ni chuma kibovu. Nikakitupia kwenye mkebe wa takataka za chuma, nikatia kipya. Nilipoizungusha injini kwa kidole, pistoni ilipofika juu ilikaza vile inavyotakiwa, mpaka kidole kikauma. Kahindi alikuwa amekaa kando yangu. Akasema, "Dada, sasa hii itatutoa."

Na kweli kulikuwa na pa kutokea. Tulisikia kuna mashindano Kilifi, na bwana mmoja wa Mombasa anakuja kutazama. Alikuwa anafungua gereji ya magari hayo pamoja na kiwanja cha kukodisha, akitafuta mtu wa kuisimamia. Alituma neno kuwa hatajali nani ana kasi. Anataka mtu ambaye gari lake litamaliza mizunguko yote bila kuzimika, kwa kuwa huyo ndiye anayejua injini. Nilipoisikia habari hiyo nilikaa chini. Nilikuwa na wewe titini, nyumba ya kupanga, na nguo za watu za kupiga pasi. Nikajiona nimevaa ovaroli, nina funguo za gereji. Nikamwambia Kahindi, "Twende zetu Mombasa sote watatu. Wewe utakuwa msaidizi wangu."

Akasema, "Sawa, dada."

Hilo "sawa" nimelirudia masikioni mara nyingi. Halikuwa na kasoro yoyote.

Kabla ya mashindano injini ikaanza kuugua. Ikiwa baridi yawaka kwa kuvutwa kamba mara moja, yanguruma vizuri, gari lakimbia. Ikishapata moto, yazimika. Ukivuta kamba haitaki tena, labda uiache ipoe au uifunike kitambaa cha maji. Wewe ukiambiwa hivyo leo ungejua pa kuanzia, nimekufunza. Mimi wakati huo nilikuwa najifunza kwa kupapasa.

Nikaanza na plagi. Nikaichomoa, nikaiunga na betri, waya wake ukawa mwekundu kama kaa la moto. Nzima. Nikashuku mafuta, maana yale mafuta hunyonya unyevu wa hewani na hewa yetu ya pwani waijua. Nikamwaga yaliyobaki, nikafungua chupa iliyokuwa haijaguswa. Ikazimika vilevile. Nikaosha chujio la hewa. Nikalitia tangi ndani ya ndoo ya maji na kupuliza mpira wake nione kama kuna mapovu. Hakuna. Nikabadilisha mipira yote hata hivyo.

Nikaingia kwenye skrubu ya kabureta, na hapo nikapotea. Nikiifungua mafuta yaingie zaidi, gari latoa moshi mzito na kukohoa. Nikiikaza, moshi unakwisha, injini yalia kwa sauti nyembamba na kichwa chake kinakuwa moto hadi tone la mate likiangukia linaruka. Fungua kidogo, kaza kidogo. Nilikuwa nakulaza, nikitoka nje nakwenda kwenye ile skrubu. Nilikuota wewe na nikaiota skrubu.

Kahindi alikuwa nami wakati wote. Alinishikia tochi jua likizama, alinichagulia spana, alinifuta jasho nikiwa na mikono michafu. Nilipochoka alisema, "Pole, dada. Labda ni mkono tu. Mzee Sandro alikuwa na mkono wake, sisi bado." Nikaamini. Niliuangalia mkono wangu huu nikaulaumu.

Mara moja tu nilisema, "Au tuifungue ndani, tuangalie pistoni?"

Akajibu, "Niliifungua juzi ulipokwenda kliniki na mtoto. Ndani ni safi kabisa. Usiichokoze bure."

Nikamshukuru kwa kunipunguzia kazi. Dama, nilipima kila kitu kwenye gari lile isipokuwa kile ambacho ndugu yangu aliniambia ameshakipima. Hata kidole changu kilipozungusha injini kikahisi haikazi kama mwanzo, nilikibishia kidole. Nilisema ni vile imezoea.

Siku ya mashindano nilikufunga mgongoni nikatangulia Kilifi. Kahindi alisema atakuja nyuma yangu na chakula. Alifika akiwa amebeba gari jingine. "Rafiki wa Watamu amenikopesha," akasema. "Nimeona bora familia iwe na nafasi mbili. Mmoja wetu akipata, tumepata sote." Nikamkumbatia, nawe mgongoni. Nikawaambia watu, huyu ni mdogo wangu, mimi ndimi niliyemlea.

Langu lilikwenda mizunguko ya kwanza vizuri hata watu wakaanza kunishangilia, mwanamke na mtoto mgongoni. Kisha likapata moto. Likazimika mbele kabisa ya yule bwana wa Mombasa. Nikakimbia kiwanjani, nikavuta kamba, nikavuta, nikavuta, wewe unalia kwa kutikiswa. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mama, rudi ukapike!" Watu wakacheka. Yule bwana hakucheka, aliangalia tu pembeni, na hilo ndilo lililoniumiza.

La Kahindi lilimaliza. Nilisikia lilivyolia kwenye kona ya mwisho nikajisemea, ile sauti ni tamu kama ya injini yetu ilipokuwa mpya. Wallahi nilijisemea hivyo, kisha nikampigia makofi. Jioni ile alipewa kazi. Aliondoka wiki hiyohiyo, akasema akishatulia atatuita.

Niliifungua injini baada ya yeye kwenda, kwa kutafuta tu kosa la mkono wangu. Nikaitoa silinda, nikaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Ndani ilikuwa imekwaruzika, rangi yake imechubuka. Ukingoni mlikuwa na kovu. Kovu langu, la bisibisi yangu.

Nikaenda kwenye mkebe wa vyuma, nikaumwaga wote sakafuni. Ile silinda mbovu haikuwamo.

Chuma cha silinda kilichochoka hutanuka kikipata moto, pistoni ikapwaya, nguvu yote ikavuja pembeni. Ndiyo maana iliwaka ikiwa baridi na kufa ikiwa moto. Hata mkono wa malaika usingeipata kwenye skrubu. Ndugu yangu, nilikuja kujua baadaye, alikitoa kile kipya akampa yule rafiki wa Watamu, ambaye gari lake lilikuwa la injini kama yetu na halikuwa na kipuri, kwa sharti aliendeshe yeye. Kisha akarudisha kibovu ndani, akafunga skrubu vizuri, akaosha mikono, akaja kunishikia tochi.

Nilipanda basi na ile silinda kwenye pochi. Nilimkuta gerejini, amevaa ovaroli ya buluu. Nikaiweka juu ya meza mbele yake.

"Kahindi, hii ni nini?"

Aliigeuza, akaona lile kovu. Hakujitia kutojua, namshukuru kwa hilo. Akasema, "Dada, kaa."

"Sikai. Ungeniomba. Ungesema, dada, nafasi hii niachie mimi, ningekupa. Wajua ningekupa."

"Najua," akasema. "Ungenipa. Na maisha yangu yote ningekuwa mtu wa kupewa nawe. Viatu ulinipa wewe, shule wewe, hata godoro. Nilitaka kitu kimoja nikipate mwenyewe."

"Hiki umekipata mwenyewe?"

Nikaiacha ile silinda mezani, nikarudi Malindi.

Utaniuliza kwa nini basi alikuja Krismasi, kwa nini nilimpikia wali wa nazi na kukuita uje umwamkie mjomba. Kwa sababu huna baba, na mjomba ni mmoja. Wewe ulimkimbilia ukinyoosha mikono, naye alikubeba kama mtu aliyekuwa na hamu nawe kweli, nikashindwa. Nikajiambia nitasema ukikua. Ulipokua ukawa unaipenda injini kuliko hata mimi nilivyoipenda. Nikiwa kwenye cherehani nilikusikia unavyoongea naye kwenye simu habari za kabureta, unacheka, na nikaona nimechelewa. Kimya changu ndicho kilichomfungulia mlango. Nilimfunika mbele yako, ukamjua nusu tu, na nusu hiyo ndiyo uliyoipenda. Sikulaumu kwa hilo.

Nakulaumu kwa mengine. Uliketi na mimi meza moja nikikupima kiuno cha sare, ukainua mikono nikupime, ukijua huendi. Niliuliza, "Inakubana?" Ukasema, "Iko sawa, mama." Dama, ulisema kwa sauti ileile. Nimeishi na mtu aliyenishikia tochi nikitafuta kosa lake, na sikutegemea kuishi na wa pili.

Jana ulipokwenda kisimani nilimpigia Kahindi simu. Nilimwambia, "Mtoto umemwambia ulichonifanyia?"

Nikasikia nyundo za gereji nyuma yake. Akasema, "Dada, kazi hii ilikuwa yako. Nimeona nimrudishie yeye. Nilitaka iwe njia ya kukurudishia."

"Unanirudishia kwa kunichukulia mwanangu kwa siri?"

"Niliogopa ungekataa."

"Nyote wawili mwaniogopa sana, lakini hamwachi kufanya mtakalo."

Akalia, mwanangu. Mtu mzima. Mimi sikulia. Nilikata simu nikamalizia kutia vifungo kwenye ile sare, sijui kwa nini, kisha nikaikunja nikamgawia binti wa jirani anayeanza chuo.

Nimekaa na jambo hili asubuhi yote nikiuliza nikuzuie au nikuachie. Tikiti ningeweza kuichana. Ningekuja na wazee, wakakukalisha. Lakini nakumbuka nilivyojiona nimevaa ovaroli, nina funguo mkononi, na wewe nakuona vivyo hivyo, na inakupendeza. Kazi ni nzuri. Kahindi ni fundi wa kweli, sitasema uongo ili nikutie woga. Utajifunza kwake mambo ambayo mimi sikufika. Nenda.

Ila ukifika, siku ya kwanza kabla hujazoea, muulize habari za Kilifi. Usimwambie mimi nimekuandikia nini. Mwache asimulie mwenyewe, nawe sikiliza anaanzia wapi na anaruka wapi. Akikwambia yote, kaa naye kwa amani, na umwambie umesikia. Akiruka pistoni, utajua unafanya kazi na nani. Fanya kazi, lakini ufungue kila injini kwa mkono wako, hata akikwambia ameshaiangalia. Hata siku mimi nikikwambia nimeiangalia.

Na siku utakapotaka jambo ambalo unajua sitalipenda, njoo uniambie usoni. Nitapiga kelele. Nitakuita kwa majina yako yote. Nitatupa mwiko. Kisha nitakaa chini, kama nilivyokaa leo, kwa sababu nimekuzaa na sina pengine pa kukaa. Ungejaribu uone. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kila kitu, kwamba hukunijaribu hata mara moja.

Kesho sitakuja stendi. Mama Furaha ataniuliza kwa nini sifurahi, na sina uso wa kumwekea. Nitakuchemshia mayai ya njiani, nitakufungulia mlango, na tutaagana hapo kizingitini. Kama nitakuwa mzito wa maneno, usidhani simaanishi kheri. Nakutakia kheri yote.

Sijakusamehe bado, Dama, wala sitajifanya. Lakini usingoje mpaka nikusamehe ndipo unipigie simu. Nipigie kesho hiyohiyo ukifika, nikiwa bado na hasira. Nitapokea.

Mama yako,
Sidi